Aliyechora ni Nani?

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kufuta kazi ya bibi yangu. Nalisema hili mapema, ndugu msomaji, usije ukanidhania mtu mwema anayetaka kuhubiri.

Nyumba ya bibi ipo Maganzo, ule mji mdogo ulioota kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Ilikuwa nyumba ya udongo. Kila mwaka baada ya mavuno bibi aliikandika upya. Chini aliweka udongo mwekundu, katikati wa kijivu, na juu udongo mweupe aliouchimba mtoni na kuuchekecha kwa kitambaa. Kabla haujakauka alipitisha vidole vinne, akachora mawimbi kutoka pembe hadi pembe. Kati ya wimbi na wimbi alibonyeza madoa kwa kidole gumba. Mlangoni alizungusha mistari mitatu. Sisi wajukuu tuliuona ukuta ule kama tunavyouona ugali. Nani husimama kuusifu ugali?

Mwaka 2011 nilimaliza kidato cha nne, nikawa sina mbele wala nyuma. Akaja wakala wa kampuni moja ya vinywaji, jina lake halina haja hapa, akitafuta kuta zinazotazama barabara. Rangi angeleta yeye na mchoraji angelipwa. Mimi shuleni ndiye niliyekuwa naandika mbao zote za matangazo, basi nikaona hili ni dili langu. Nikamwambia bibi kwamba rangi ya mafuta haiogopi mvua. Bibi akalitazama lile kopo, akauliza, "Itadumu miaka mingapi, ng'wanawane?" Nikamjibu kumi. Akasema, "Haya, nami nitapumzika kukandika."

Kwa siku mbili ukuta ukawa mwekundu mtupu, wenye herufi nyeupe kubwa kuliko mlango. Mshiko niliopata nikanunulia viatu. Ukuta wa zamani sikuupiga picha, na hakuna mtu mwingine aliyeupiga.

Leo naishi Geita. Nachora mabango ya saluni, ya gereji, ya maduka yanayonunua dhahabu. Kijiweni washikaji wananiita Mwandishi kwa sababu ya herufi zangu, ingawa siku hizi najitahidi jina hilo linistahili kwa namna nyingine pia. Napenda dizaini kama wenzangu wanavyopenda mpira. Nikiona herufi nzuri nyuma ya lori naweza kuliacha basi langu liondoke. Nina daftari ninalobandika na kunakili vitu nilivyovigundua katika ukanda wetu huu wa almasi, pamba na dhahabu. Nataka nikufungulie kurasa chache za daftari hilo, maana ndizo zilizonirudisha kwenye ukuta wa bibi.

Tembo wa Tabora

Ukurasa wa kwanza nimechora sarafu. Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tarehe ya 1916 na herufi T, yaani Tabora. Upande mmoja ana tai wa Mjerumani. Upande wa pili ana tembo aliyeinua mkonga juu, na nyuma yake milima. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza niliganda. Tembo yule hakusimama kama picha ya kitabu cha wanyama. Anapiga kelele, na duara zima la sarafu linajaa sauti yake.

Sarafu hiyo ilizaliwa kwa shida. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza mwaka 1914, na meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Serikali ya Wajerumani ikakosa fedha za kulipia watu wake na chakula. Ikakumbuka kwamba ina mgodi wa dhahabu Sekenke, huko Iramba. Dhahabu ikapelekwa Tabora, ambako karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha kupigia fedha chini ya mhandisi wa migodi Friedrich Schumacher. Zikapigwa sarafu za dhahabu 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kitu, robo tatu yake dhahabu halisi. Karakana hiyohiyo ilitoa pia heleri 20 na heleri 5 za shaba. Mwezi Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, na hadithi ikaishia hapo.

Kinachonivutia zaidi mimi mchora mabango ni jambo dogo sana. Zipo aina mbili za sarafu hii. Katika urembo unaozunguka upande wa tai, kuna nakshi ambayo katika sarafu moja inaishia chini ya A ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine inaishia chini ya T. Wakusanyaji wa sarafu hutofautisha bei kwa ajili ya nakshi hiyo. Mimi naiona kama alama ya mkono wa mtu. Katikati ya vita, ndani ya karakana ya garimoshi, kuna mtu aliyeketi akachonga muhuri, kisha ukachongwa mwingine, na mkono haukurudi palepale. Mashine haikosei namna hiyo.

Jina la Schumacher lipo vitabuni. Watu walioichimba dhahabu Sekenke, walioibeba, walioyeyusha na kugonga muhuri, katika kurasa nilizozisoma ni "wafanyakazi" tu.

Ua la Mwadui

Ukurasa wa pili una ua, na ua hilo limetoka kijijini kwetu.

Mzee John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Wazee wa Maganzo hawawezi kumaliza kisa hicho bila kuutaja mbuyu, maana husemwa kwamba jiwe la kwanza lilipatikana chini ya mbuyu. Mwezi Oktoba 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akampa Princess Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata. Jiwe lilikatwa London mwaka 1948 likabaki karati 23.6. Hebu lipigie hesabu hilo. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na kisu. Nilipolisoma hilo nilijifunza jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia, kwamba anayesanifu kitu anachagua pia atakachokipoteza.

Mwaka 1953, mwaka aliotawazwa Malkia, kampuni ya Cartier ya London ililipachika jiwe hilo katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua. Mchoraji wake aliitwa Frederick Mew. Jiwe la Mwadui ni kitovu cha ua, na petali, kikonyo na majani vimesukwa kwa almasi nyeupe zaidi ya 200. Malkia aliivaa mara nyingi katika maisha yake marefu, ikiwamo harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Alifariki mwaka 2022.

Ni dizaini nzuri, sitaki kuongopa. Kikonyo kimepinda kidogo kana kwamba upepo umepita. Lakini ua lenyewe ni la Ulaya. Nimejiuliza mara nyingi, kama jiwe lile lingepewa fundi wa Shinyanga angelifanya nini? Pengine asingelifanya ua. Watemi wa Kisukuma na Kinyamwezi walikuwa na pambo lao la heshima, kibangwa, kipande cha mviringo kilichokatwa kwenye kombe la baharini na kubebwa na misafara kutoka pwani hadi bara. Hakina mng'aro wa almasi. Ni cheupe tu, cha mviringo, kimekaa peke yake juu ya ngozi nyeusi, na kila aliyekiona alijua aliye mbele yake ni nani. Hiyo nayo ni dizaini, na imekubali kuwa na kitu kimoja tu.

Tunajua nani alilichora ua, tunajua kampuni iliyolikata jiwe. Mkono ulioliokota jiwe Mwadui haumo katika maelezo ya pini ile.

Nyoka ukutani

Mwaka huohuo wa 1953, katika mji huohuo wa London, kilichapwa kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Mwandishi wake ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuja kuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na kufariki mwaka 1962. Rafiki yangu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako karatasi nyingi za Cory zimehifadhiwa, ndiye aliyenionyesha michoro hiyo. Nilikuwa nimekwenda Dar kutafuta rangi za bei nafuu. Nikarudi Geita na kitu kingine kabisa kichwani.

Wacheza nyoka, Bayeye, ni chama cha Wasukuma chenye elimu ya nyoka na dawa za sumu yake. Ukiwaona leo wakicheza na chatu shingoni utadhani ni burudani tu. Kumbe zamani walikuwa na nyumba zao za mafunzo, na ndani ya nyumba hizo kuta zilichorwa. Watu, nyoka, viumbe vya hadithi zao, kwa rangi chache za asili, nyeupe, nyeusi na za udongo mwekundu. Mwanachama mpya alifundishwa akiwa amezungukwa na picha. Mtu wa nje hakuziona.

Bwana, nilikaa na kurasa zile hadi mhudumu wa maktaba akaanza kuzima taa. Miaka yote nilikuwa naamini kwamba kuchora ukutani tulifundishwa na matangazo ya soda na sabuni. Kumbe mababu zangu walikuwa na kuta zilizosomwa kama kitabu kabla kampuni hizo hazijafika. Watu wao ni bapa, hawana kivuli, na nyoka hupinda kuufuata ukuta. Tangu siku ile niliacha kuhangaika kutia vivuli kwenye mabango yangu. Mteja mmoja wa saluni alilalamika kwamba kichwa nilichomchorea ni bapa kama chapati. Nikamwambia asubiri. Baada ya wiki akasema watu wanakitambua kutoka ng'ambo ya barabara.

Jambo la pili nililojifunza kwa Wasukuma wenzangu ni mashindano. Baada ya mavuno Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili waliopingana, hushindana kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana wakabuni kila mbinu, nyoka, fisi, vinyago vya mbao vyenye mikono inayochezeshwa. Nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Utaona banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kigoda cha enzi, na utasikia habari za mashindano hayo. Mtaalamu wa matangazo wa mjini akikwambia ana siri ya kuvuta macho ya watu, mwambie Bagalu na Bagika waliimaliza siri hiyo zamani.

Lakini tazama tena. Cory ana jina juu ya jalada. Waliochora kuta zile jalada haliwataji. Na nyumba za udongo, kama tunavyojua sote, mvua haziachi.

Bibi na Bwana

Ukurasa wa nne ni mchoro ambao kila Mtanzania anautembeza mfukoni, ngao ya taifa, ile tunayoiita Bibi na Bwana. Ichunguze kama fundi. Sehemu ya juu ya ngao ni ya dhahabu, kwa ajili ya madini yetu, na juu yake kuna mwenge. Inafuata bendera, halafu eneo jekundu kwa ajili ya udongo wenye rutuba, halafu mawimbi ya maziwa na bahari. Kuna mkuki, shoka na jembe. Bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, wote wamesimama juu ya Kilimanjaro. Miguuni pa bwana pana karafuu, na miguuni pa bibi pana pamba. Dhahabu juu, pamba chini. Mtu wa kwetu akiitazama anaona Geita na Shinyanga zimo.

Sasa niulize aliyeichora. Mwezi Mei 2017 vyombo vya habari vilimkuta Buguruni, Dar es Salaam, mzee aliyekuwa akiishi katika umaskini mkubwa, Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha. Alisema yeye ndiye aliyechora ngao hiyo. Ngosha kwa Kisukuma maana yake ni mwanamume. Alipelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, na kabla mwezi haujaisha akafariki. Baada ya hapo nchi nzima ikabishana. Majina mengine yakatajwa, likiwamo la Jeremiah Wisdom Kabati, naye msanii wa Mwanza. Kuna waliosema kazi kama ile haikuwa ya mkono mmoja.

Sitaamua ugomvi huo hapa. Ninachokiona mimi ni kwamba mchoro upo katika kila ofisi ya serikali, na bado taifa lilibishana nusu karne baadaye juu ya mkono ulioshika penseli. Kama ngao ya taifa imefikia hapo, sembuse ukuta wa Maganzo?

Kurudi ukutani

Ile rangi ya mafuta haikufika miaka kumi. Mwaka wa nne ilianza kubanduka, na ilipobanduka iliondoka na udongo. Geita nilikuwa nahangaika na yangu. Mji umejaa watu tangu mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, na mabango hayaishi. Zaidi ya yote, nilikuwa naona aibu.

Hatimaye nikaenda. Bibi macho yake yana mtoto wa jicho, lakini mikono bado. Nikamwambia, "Bibi, nataka tuurudishe ukuta. Nifundishe." Tukachimba udongo mweupe palepale mtoni, nikauchekecha. Akaketi kwenye kigoda, mimi nikasimama na vidole vyangu vinne kama mwanafunzi. Mawimbi akanielekeza. Mistari ya mlango akanielekeza. Nilipofika kwenye madoa nikaanza kubonyeza kwa mpangilio mzuri, moja moja, nafasi sawa.

Bibi akaniuliza, "Unaweka mangapi?"

Nikasema naweka tu mpaka yajae.

Akacheka hadi akakohoa. "Yale hayakuwa urembo, ng'wanawane. Yalikuwa magunia."

Ndipo akanieleza. Wimbi la kwanza na la pili, katikati yake ni mtama. La pili na la tatu, katikati yake ni pamba. Kila gunia lililotoka shambani doa moja. Babu ndiye aliyekuwa anapeleka pamba kupimwa na kurudi na fedha, na mara nyingine babu alirudi na fedha chache na maelezo mengi. Bibi hakujua kuandika. Basi akayaweka magunia ukutani, upande wa barabarani, ili kila mpita njia awe shahidi wake. Babu akitoka nyumbani asubuhi anayakuta. Akirudi usiku anayakuta.

"Na babu alipofariki?"

"Mkono ulishazoea."

Nilikaa chini. Miaka yote ile tulikuwa tunaishi ndani ya daftari la hesabu na hatukujua kulisoma. Mimi, msomi wa kidato cha nne, mpenda dizaini, nilifuta mavuno ya mwaka mzima kwa ajili ya jozi ya viatu. Nikamuuliza ukuta niliofuta ulikuwa na magunia mangapi. Akafikiri sana. Ya mtama aliyakumbuka, tisa. Ya pamba hakuyakumbuka.

Tukauacha mstari wa pamba mtupu. Bibi alitaka nibonyeze namba yoyote, nikakataa. Chini, karibu na msingi, niliandika kwa kijiti jina la bibi kwanza, halafu la mama mkwe wake aliyemfundisha mawimbi, halafu langu, na mwaka. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akaomba nimsomee tena jina la mama mkwe wake.

Nimekuandikia haya wewe kijana unayeandika mashairi kwenye daftari la shule, au unayechora herufi kwenye bodaboda za wenzio. Rudi nyumbani kwenu ukatazame kilichochorwa, kilichosukwa, kilichochongwa. Muulize aliyekitengeneza angali anaweza kujibu. Uliza pia kinahesabu nini, maana huenda si urembo. Nawe ukimaliza kazi yako weka jina na mwaka, hata nyuma ya bango ambako mteja haoni. Mimi siku hizi naweka. Wateja wengine hunuung'unika kwamba naharibu bango lao. Nawapunguzia bei kidogo, na jina linabaki.